Kwa Nini Maji Hupanda Ukutani?



Kila mtoto ajua ya kwamba maji hutelemka. Mvua hushuka kutoka mawinguni, nayo mito huyafuata mabonde. Mto Katuma, unaopita katika nchi ya Mpanda, hutelemka hadi kwenye mabwawa ya Katavi na Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, na kutoka huko maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Hakuna aonaye ajabu katika jambo hilo, kwa maana maji hufuata mkondo.

Lakini yapo maji yapandayo. Hupanda polepole, bila pampu wala ndoo, yakipita katika njia nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona. Maji hayo ndiyo somo letu la mwezi huu. Wala usidhani ya kuwa ni somo la kujifurahisha tu, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu jinsi kutolijua jambo hili kulivyokaribia kumwangamiza bibi mmoja mzee asiye na kosa lo lote.

KISA CHA UKUTA

Nilifika Mpanda kwa treni itokayo Tabora kupitia Kaliua. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na kama wajuavyo wenyeji wa mkoa wa Katavi, mvua za huko huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kukoma karibu na Aprili. Kwa hiyo ilikuwa miezi mingi haijanyesha hata tone. Ardhi ilikuwa kavu na vumbi lilikuwa jingi.

Mwenyeji wangu, mzee mmoja mwenye heshima, alinipeleka nyuma ya nyumba yake akanionyesha ukuta. Ulikuwa wa matofali mabichi. Kutoka chini hadi usawa wa goti ulikuwa na rangi nyeusi ya unyevu, na juu ya unyevu huo palikuwa na mstari wa unga mweupe kama majivu. Tofali zilikuwa zinamumunyuka, na mahali pamoja palikuwa na shimo la kuingiza ngumi.

“Sheikh,” akaniambia kwa sauti ya chini, “mvua hakuna, na ukuta wangu unalia. Na huu unga mweupe, nani ameuweka? Kila nikiufagia, baada ya siku chache umerudi.”

Nikamwuliza, “Mzee wangu, wewe wadhani ni nani?”

Hakunijibu kwa maneno, bali aligeuza macho kuelekea kibanda cha jirani, alikokaa bibi mjane ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Nikaelewa. Baadaye nilisikia ya kwamba vijana wawili watatu wa mtaa ule walikuwa wameanza kulisema jambo hilo hadharani. Kila mtu aijuaye nchi yetu ajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Vikongwe wengi wameuawa katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa kwa sababu ya tuhuma zisizo na ushahidi zaidi ya huo wa macho mekundu.

Nikaomba jembe. Kabla sijakueleza tulichokikuta, yafaa kwanza tuijue tabia ya maji yenyewe.

JARIBIO UNALOWEZA KULIFANYA

Chukua vipande viwili vya kioo vilivyo safi, visivyo na mafuta. Viweke uso kwa uso, visimame wima. Upande mmoja viache vigusane kabisa, na upande wa pili weka kijiti cha kiberiti katikati yake ili vitengane kidogo. Vifunge kwa uzi, kisha uvisimamishe katika sahani yenye maji uliyoyatia rangi, au chai ya rangi.

Utaona maji yakipanda katikati ya vioo. Lakini hayapandi sawasawa. Penye kijiti, ambapo nafasi ni pana, yatapanda kidogo tu. Kadiri unavyosogea kuelekea pale vioo vinapogusana, ndivyo maji yanavyozidi kuwa juu, hata yanachora mstari uliopinda kama mkia wa jogoo. Jaribio hilo hilo lilifanywa huko Uingereza na Brook Taylor na Francis Hauksbee, na habari zake zikaandikwa mwaka 1712. Hauksbee alikuwa ameonyesha pia kwamba maji hupanda katika mirija myembamba hata mahali palipoondolewa hewa. Basi si hewa iyasukumayo.

Ni nini basi? Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, chembe za maji hushikamana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana tone hujikusanya likawa duara, na uso wa maji huwa kama ngozi iliyovutwa, hata mdudu mwepesi huweza kutembea juu yake. Pili, chembe za maji hupenda kuambatana na vitu fulani, kama kioo safi, udongo, pamba, karatasi na mti. Maji yaliyo karibu na ukuta wa mrija hung'ang'ania ukuta na kupanda kidogo. Ile ngozi ya uso wa maji huvutwa pamoja nayo. Nayo huyanyanyua maji yaliyo chini yake. Kazi hiyo huendelea mpaka uzito wa maji yaliyonyanyuliwa ulingane na nguvu ya kuvuta. Hapo husimama. Wataalamu huiita nguvu ya kapilari, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya unywele, kwa kuwa njia zenyewe ni nyembamba kama unywele.

Palipo na kitu kisichopatana na maji, kama nta au mafuta, maji hayapandi. Kadhalika zebaki haiambatani na kioo; ukiutia mrija mwembamba wa kioo katika zebaki, zebaki iliyo ndani ya mrija hushuka chini kuliko ile iliyo nje.

KADIRI NJIA ILIVYO NYEMBAMBA

Mwaka 1718 daktari Mwingereza aitwaye James Jurin aliieleza kanuni ambayo mpaka leo hujulikana kwa jina lake: ukipunguza upana wa mrija kwa nusu, maji hupanda mara mbili. Hesabu yake ni rahisi kuikumbuka. Katika mrija safi wa kioo wenye upana wa milimita 1, maji hupanda karibu sentimita 3. Katika mrija wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, hupanda karibu sentimita 30. Na katika njia yenye upana wa sehemu ya mia ya milimita, yangeweza kufika karibu mita 3.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu nguvu ya kuvuta iko pembezoni, pale maji yanapogusa ukuta wa mrija, lakini uzito ni wa maji yote yaliyomo ndani. Ukipunguza upana kwa nusu, pembezo hupungua kwa nusu, lakini maji yaliyomo hupungua hata ikabaki robo tu. Mbebaji amepoteza nusu ya nguvu zake, na mzigo umepungua kwa robo tatu. Basi aweza kuupandisha mara mbili.

Wala si lazima njia iwe mrija uliozibwa pande zote. Hata mfereji mdogo ulio wazi kwa juu huweza kuyavuta maji, maadamu kuta ziyaguszo maji ni nyingi kuliko upande ulio wazi. Huko Australia yuko mjusi wa jangwani mwenye miiba, ambaye wataalamu humwita Moloch horridus. Katikati ya magamba ya ngozi yake mna vijifereji vyembamba sana. Mjusi huyo akisimama penye maji kidogo au mchanga uliolowana, maji hupanda miguuni mwake, yakafuata vijifereji hivyo mwilini mpaka pembeni mwa kinywa, naye huyameza. Anywa kwa miguu!

Thomas Young wa Uingereza mwaka 1805, na baada yake kidogo Laplace wa Ufaransa, waliitia kanuni hii katika hesabu kamili. Hata Albert Einstein, makala yake ya kwanza ya kisayansi, iliyochapishwa mwaka 1901, ilihusu mambo ya kapilari. Basi mtu asilidharau jambo hili kwa kuwa liko katika utambi wa kibatari.

NYUMBANI NA SHAMBANI

Naam, liko katika kibatari. Mafuta ya taa hupanda kati ya nyuzi za utambi. Utambi uliolowana maji hauwaki vizuri, kwa sababu maji yamekwisha zishika njia ambazo mafuta yangepita. Na mafuta yakipungua sana, mwanga hufifia, kwa kuwa sasa yanapaswa kupanda mbali zaidi.

Hapa tazama jambo moja muhimu sana. Utambi ukiwa haukuwashwa, mafuta hupanda hadi juu kisha husimama. Hayamwagiki yenyewe kwa juu. Huendelea kupanda pale tu moto unapoyala. Kadhalika maji katika njia nyembamba: huendelea kusafiri ikiwa jua au upepo unayakausha upande wa pili. Liweke jambo hili moyoni, maana ndilo litakalotufumbulia ule ukuta.

Mtungi wa udongo hufanya vivyo hivyo. Maji hupenya katika vitundu vya udongo uliochomwa, hufika nje, hukauka kwa upepo, na katika kukauka huchukua joto la mtungi. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi hata mchana wa Oktoba. Mtungi ulioingia mafuta, vitundu vyake huziba nao hauipoozi tena hata kidogo kiu ya mgeni.

Mkulima naye ana maji yapandayo. Baada ya mvua kukatika, udongo ulioshikamana juu huwa kama utambi: maji ya chini hupanda mpaka juu, na jua huyala. Akipalilia kijuujuu, hukata njia hizo. Tabaka la udongo uliolegea lina nafasi pana, na nafasi pana hazipandishi maji. Akiweka matandazo ya nyasi, huzuia pia jua na upepo. Hivyo unyevu hubaki penye mizizi ya mahindi yake.

Na miti je? Katika misitu ya miombo ya Katavi, majani mapya, mengi yakiwa mekundu, huchipua karibu na Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza. Maji hayo yatoka wapi? Mengine yamehifadhiwa ndani ya shina, na mengine huvutwa na mizizi kutoka chini sana. Lakini kumbuka ile hesabu yetu: mrija wa sehemu ya kumi ya milimita hupandisha maji sentimita 30 tu, na mti una mita nyingi. Mirija ya shina peke yake haitoshi. Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Dublin, Dixon na Joly, walieleza ya kwamba kuvuta huanzia juu, majanini. Maji yanapokauka katika nafasi ndogo mno za kuta za seli za jani, uso wa maji hushikilia huko na kuuvuta uzi mzima wa maji kutoka mizizini. Na kwa kuwa chembe za maji zimeshikana sana, uzi haukatiki upesi. Mti ni utambi, na jua ni moto wake.

TUURUDIE UKUTA

Sasa, msomaji, nadhani umekwisha kufahamu tulichokikuta kwa jembe. Nilichimba chini ya ukuta. Hapakuwa na msingi wa mawe. Tofali za kwanza zilikuwa zimelazwa ndani ya udongo wenyewe. Na udongo ule ulikuwa umelowa chapachapa. Tukaufuata unyevu kwa jembe, hatua moja, hatua mbili, mpaka tukafika penye bafu la mzee mwenyewe. Maji ya kuogea ya watu wanane yalikuwa yakimwagika pale kila siku, yakizama chini na kulowanisha mguu wa ukuta.

“Na huu unga?” akauliza mzee.

Nikamweleza ya kwamba maji hayasafiri peke yake. Huyeyusha chumvichumvi zilizomo katika udongo na matofali na kupanda nazo. Yanapofika usawa wa goti, jua na upepo huyakausha. Lakini chumvi haiwezi kuruka pamoja na mvuke, basi hubaki. Ndiyo maana alipoufagia ulirudi, na ndiyo maana ulizidi wakati wa kiangazi, ambapo ukuta hukauka upesi. Na chumvi hiyo inapoganda ndani ya vitundu vya tofali, huzipasua. Kile alichokidhani kuwa ushahidi wa uchawi kilikuwa ushahidi wa bafu lake.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Basi nimemdhania bibi wa watu neno baya kwa maji yangu mwenyewe.” Jioni ile alikwenda yeye na mke wake mpaka kibandani. Nilimsikia akibisha hodi na kusema, “Shikamoo, bibi.” Naye bibi, asiyejua habari yote, akaitikia, “Marahaba, baba, karibuni.”

Kesho yake asubuhi, wale vijana waliitwa waje kusaidia kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji ya bafu mbali. Waliona wenyewe.

Ikiwa nawe una ukuta wa namna hiyo, fuata mambo haya:

Kwanza, ondoa chanzo cha maji. Maji ya bafu na ya paa yapelekwe mbali, na uwanja uinamie nje.

Pili, unapojenga, weka msingi wa mawe na saruji, upande angalau sentimita 15 juu ya ardhi kabla ya kuanza tofali.

Tatu, kati ya msingi na ukuta tandika nailoni nzito au lami. Maji hayawezi kupanda pasipo njia.

Nne, chini ya sakafu weka kokoto kubwa. Nafasi zake ni pana, nazo haziyapandishi maji.

Tano, usiufunike ukuta uliolowana kwa lipu ya saruji ukidhani umeuponya. Umeziba mahali pa kukaukia tu, na maji yatatafuta njia ya kupanda juu zaidi. Kwanza ukaushe.

KANUNI HIYO HIYO PENYE KITANDA CHA MGONJWA

Siku hizi, ukimpeleka mtoto mwenye homa katika zahanati, mhudumu humtoboa kidole, huweka tone la damu katika kipimo kidogo cha plastiki, na kuongeza matone ya maji ya dawa. Ndani ya plastiki ile mna ukanda mwembamba wenye vitundu vingi, na hakuna kitu kinachousukuma mchanganyiko ule ila nguvu ile ile iliyolowanisha ukuta wa mzee. Unasafiri mpaka kwenye mstari wa T. Ikiwa damu ina protini ya vijidudu vya malaria, mstari huo huonekana. Kisha hufika kwenye mstari wa C, ambao lazima uonekane daima, kwa kuwa ndio unaoshuhudia kwamba mchanganyiko umesafiri sawasawa. Usipoonekana, kipimo kimeharibika na kirudiwe.

Watoto wangapi wamepatwa na degedege la malaria, wazazi wakapoteza saa za thamani kwa kumtafuta aliyewaroga? Kipimo kile hutoa jibu katika muda upatao dakika 15 au 20. Mpeleke mtoto mapema.

Ndugu wapenzi, Mwenyezi Mungu ameviumba vitu kwa kanuni zisizopendelea mtu. Maji hupanda katika ukuta wa mwema na wa mwovu kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo ukiona jambo usilolijua, usianze kwa kuuliza, “Ni nani aliyefanya?” Uliza, “Limekuwaje?” Kisha chukua jembe ukachimbe, nawe anza kuchimba upande wa nyumba yako mwenyewe. Mungu atuepushe na dhana mbaya juu ya jirani zetu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji hupanda zaidi katika njia nyembamba kuliko katika njia pana?
2. Kwa nini unga mweupe ukutani huzidi wakati wa kiangazi?
3. Kuna hasara gani kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta uliolowana?
4. Mstari wa C katika kipimo cha malaria washuhudia nini?